Shajara ya mradi: poti tatu ndani ya handaki moja

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimekabidhiwa kazi rasmi. Duka ni la jumla, la pembejeo, hapa Morogoro mjini: mbegu, mbolea, viuatilifu. Seva moja ya Windows iko chini ya ngazi ndani ya kabati la mbao. Ina programu ya uhasibu na ukurasa wa stoo ambao vijana wa mauzo wanaufungua kwa simu. Wanaotakiwa kuifikia wakiwa nje ya ofisi ni watano. Kuna mhasibu, ambaye tangu Januari yuko Dodoma anamuuguza mama yake. Kuna vijana watatu wa mauzo, mmoja Ifakara, mmoja Kilosa, mmoja Turiani. Wa tano ni mzee mwenyewe mwenye duka, anayetaka kuziona kamera akiwa nyumbani.

Mzee alinieleza kwa sentensi moja: "Mwanangu, nifungulie ule mlango kama zamani."

Mlango wa zamani ninaujua. Fundi aliyenitangulia alifungua kwenye ruta poti (mlango wenye namba) 3389, ile ya kuingilia Windows kwa mbali, akaielekeza moja kwa moja kwenye seva, na yeyote duniani aliweza kuigonga. Novemba mafaili yote yakafungwa na virusi vya kudai fidia. Diski ya nakala rudufu nayo ikafungwa, kwa kuwa ilikuwa imechomekwa kwenye mashine hiyo hiyo. Mauzo ya wiki tatu yaliandikwa upya kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya risiti. Mhasibu alikuwa anakaa ofisini mpaka saa nne usiku, na wakati huo mama yake alikuwa ameshaanza kuugua.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi nimeandika hivi: watu watano wafike wanapotakiwa kufika, na 3389 isionekane tena kutoka nje, hata kwa saa moja ya kujaribu. Mei 2019 Microsoft walitoa kiraka cha tundu la BlueKeep lililokuwa kwenye huduma hiyo hiyo, wakalazimika kukitoa mpaka kwa Windows XP waliyokuwa wameshaacha kuihudumia. Huduma yenye historia hiyo haiwekwi barabarani.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, ila msimu umeanza. Usinichelewesheee." Ana haki. Mvua za masika zikishika, vijana wanauza kila siku, na kila siku bila stoo sahihi ni mkulima mmoja anayeambiwa mbegu zipo kumbe hazipo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na laini ya intaneti. Tangu Desemba ofisi inatumia ruta ya 4G. Nimeingia kwenye ruta, nikatazama anwani iliyopewa upande wa nje: inaanza na 100.81. Nikafungua ukurasa unaoonyesha anwani yako kama dunia inavyoiona, nikakuta nyingine kabisa.

Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana. Anwani za kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Mafundi wanauita mpango huo CGNAT. Maana yake, ruta yetu haina mlango wake wenyewe barabarani. Ni kama kukaa chumba cha ndani kwenye nyumba ya kupanga, halafu kumwelekeza mgeni aje kwenye "mlango wangu" wakati geti la nje lina ufunguo wa mwenye nyumba. Hata ningefungua poti zote 65,535 kwenye ruta hii, hakuna pakiti, yaani kipande cha data, ya kutoka nje ingefika.

Nimempigia mtoa huduma kuuliza anwani ya kudumu. Wanaipata wateja wa faiba tu, na faiba haijafika mtaa wetu.

Basi njia ni moja: ofisi ipige simu kwenda nje, kwa sababu kutoka inaruhusiwa, na hiyo simu isikatwe kamwe. Nitakodi seva ndogo yenye anwani ya hadharani. Ofisini nitaweka Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo (nitakiita kiboksi), chenye kazi ya kushika handaki, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti (VPN), mpaka kwenye seva ya kukodi. Wale watano nao watachimba mahandaki yao mpaka pale pale. Mkutano unafanyika katikati.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima muda wa kwenda na kurudi kutoka hapa. Johannesburg imekaa karibu milisekunde 65, Frankfurt karibu 170. Kwa mtu anayefungua kioo cha Windows kwa mbali, tofauti hiyo anaisikia kwenye kidole: unabonyeza herufi, unaisubiri ijitokeze. Nimechagua Johannesburg. Sijasahau 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa kusini na nchi nzima ikabaki inasuasua, kwa hiyo usanidi wote nimeuandika kwenye faili moja ninaloweza kulihamishia seva ya Ulaya ndani ya nusu saa.

Jambo la pili la leo, na mafundi wengi wanaliruka. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN wajisajili na kutoa taarifa zao, anwani ya IP ikiwemo, na mwisho ulikuwa tarehe 30 ya mwezi ule. Nimemwambia mzee kwamba handaki hili litakuwa kwa jina la duka, kwa anwani inayojulikana, na fomu itajazwa kabla sijawasha chochote. Tumeijaza pamoja ofisini kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Ninatumia WireGuard, programu ya kuchimba mahandaki hayo. Imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo 5.6 la Machi 2020, usanidi wake unaenea kwenye nusu ukurasa, na ina tabia moja ninayoipenda kuliko zote: ukibisha hodi bila ufunguo unaotambulika, haijibu. Haisemi "nani?" wala "hakuna mtu". Anayepitapita mtandaoni akigonga poti moja moja hawezi kujua kama pale pana mlango au pana ukuta. Poti pekee itakayokuwa wazi kwa dunia kwenye mradi mzima ni UDP 51820 ya seva ya kukodi.

Anwani za ndani nimezigawa hivi: seva ya kukodi 10.77.0.1, kiboksi 10.77.0.2, mhasibu 10.77.0.11, mzee 10.77.0.12, vijana wa mauzo 10.77.0.21 hadi 23.

Kila mtu ametengeneza ufunguo wake kwenye kifaa chake mwenyewe. Ufunguo wa siri hautoki pale ulipozaliwa. Ninachotumiwa ni ule wa hadharani tu, na huo hata ukipita WhatsApp hauna madhara. Kwa mhasibu tumefanya kwa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unanifundisha nini?"

Nimemwongoza abonyeze wapi, kisha akanitumia herufi 44 zinazoishia na alama ya sawasawa. Akaniuliza kama yule mwingine, wa siri, anitumie pia ili niutunze. Nikamwambia hapana mama, huo hata mimi nisiuone. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa ndiyo naelewa kwa nini wa zamani walituibia." Yule fundi wa mwanzo alikuwa na daftari lenye maneno ya siri ya kila mtu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima imeliwa na kosa moja langu. Mahandaki yote sita yalionyesha yamepeana mikono, tena sekunde chache zilizopita. Lakini kijana wa Turiani peke yake ndiye aliyepata majibu. Wengine pakiti zinakwenda, hazirudi.

Kwenye seva ya kukodi, kila mshiriki ana mstari wa AllowedIPs. Mimi nilinakili na kubandika, nikawapa wote 10.77.0.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 10.77.0. WireGuard haisomi mstari huo kama ruhusa peke yake. Inausoma pia kama ramani: pakiti ya kwenda anwani fulani iende kwa ufunguo wa nani. Anwani haiwezi kuwa ya wawili, kwa hiyo wa mwisho kuandikwa ndiye anayechukua zote. Turiani alikuwa wa mwisho kwenye faili. Pakiti zote za Dodoma, Kilosa na Ifakara zilikuwa zinatupwa zikifika kwenye seva, kwa kuwa anwani zao zilihesabiwa kuwa za Turiani.

Sasa kila mmoja ana anwani yake moja tu, /32. Upande wa vifaa vyao, AllowedIPs imebaki 10.77.0.0/24, ili ni kazi za ofisi pekee zipite kwenye handaki. Vijana wanatumia bando lao. Sitaki video wanazotazama jioni zizunguke Johannesburg.

Na kwa kuwa waliuliza: PersistentKeepalive, pakiti tupu ya kuonyesha handaki bado lipo, nimeiweka kila sekunde 25 kwenye kiboksi ili mtoa huduma asilisahau handaki letu. Ni pakiti ya baiti 60 mara 3,456 kwa siku, yaani kama kilobaiti 207. Bando haliguswi.

Jumamosi, 8 Machi

Hapa ndipo kazi yenyewe ya kuelekeza poti ilipoanza, tena kwa sababu nisiyoitarajia.

Nilikuwa nimepanga watu wa mbali waione LAN yote, yaani mtandao wa ndani wa ofisi, waiite seva kwa anwani yake halisi, 192.168.1.10. Pakiti za Ifakara zikaingia kwenye handaki. Za mhasibu hazikuingia kabisa. Nikamwomba anisomee anwani ya kompyuta yake pale nyumbani kwa mama yake: 192.168.1.34. Ruta ya nyumbani Dodoma na ruta ya ofisini Morogoro zimetoka kiwandani na namba zile zile. Kompyuta yake ikitafuta 192.168.1.10 inaitafuta humo humo sebuleni, haina sababu ya kuingia kwenye handaki.

Ningeweza kubadilisha namba za ofisi nzima, ila kuna mashine ya risiti, printa na rekoda ya kamera vilivyosetiwa kwa mkono, katikati ya msimu. Nikaamua watu wa mbali wasiijue LAN kabisa. Wao waifahamu anwani moja tu, 10.77.0.2, yaani kiboksi, na kiboksi ndicho kiwapeleke ndani, kila mtu kwenye poti yake:

`iptables -t nat -A PREROUTING -i wg0 -s 10.77.0.11 -p tcp --dport 3389 -j DNAT --to-destination 192.168.1.10:3389`

Mhasibu peke yake ndiye mwenye mstari huo. Vijana watatu wana mistari yao ya 8080 kwenda ukurasa wa stoo. Kisha kwenye mnyororo wa FORWARD, kinachopita kutoka wg0 (handaki) kwenda eth0 (waya wa ofisi) ni kile tu kilichokwisha kuelekezwa:

`iptables -A FORWARD -i wg0 -o eth0 -m conntrack --ctstate DNAT -j ACCEPT`

Kinachorudi kwa mazungumzo yaliyokwisha kuanza kinaruhusiwa, na vingine vyote vinadondoshwa. Simu ya kijana ikiibiwa kwenye basi, mwizi atakuta ukurasa wa stoo unaoomba neno la siri. Hataona seva, wala printa, wala kompyuta ya mwenzake. Nimeipenda njia hii kuliko ile niliyoipanga mwanzo, na bila ruta ya Dodoma nisingeifikia.

Jumatatu, 10 Machi

Pakiti zinaingia, hazitoki. Mhasibu anabonyeza, mduara unazunguka, inakata.

Nimechukua kiti nikakaa mbele ya kabati chini ya ngazi, tcpdump, programu ya kutazama pakiti zikipita, mbele yangu. Ombi linatoka 10.77.0.11, linaingia kwenye kiboksi, linafika kwenye seva. Seva inajibu. Lakini inamjibu 10.77.0.11, mtu asiye wa mtaa wake, na kwa watu wasio wa mtaa wake seva inajua njia moja tu: ruta ya 4G. Ruta inapokea jibu la mazungumzo ambayo haikuyasikia yakianza, inalitupa.

Dawa ya haraka ni MASQUERADE kwenye eth0: kiboksi kinaweka anwani yake, 192.168.1.5, kwenye kila ombi, seva inakijibu kiboksi, kiboksi kinarudisha kwa mwenyewe. Mstari mmoja. Saa kumi jioni mhasibu akaingia, akafungua leja ya Februari, akaniambia Mungu akubariki. Nikaiacha hivyo.

Jumatano, 12 Machi

Kilosa: ukurasa wa kuingilia unafunguka, orodha ya stoo haifunguki. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama njiani. Nimeshusha MTU ya mahandaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, kutoka 1420 hadi 1280. Imekwisha.

Jumanne, 18 Machi

Siku nzito.

Asubuhi stoo ilionyesha mifuko 12 ya mbolea ya kupandia imepunguzwa, bila risiti. Vijana watatu wa mauzo wanatumia jina moja la kuingilia, "mauzo". Ni kasoro ya zamani, na nilikuwa nimeipanga kwa mwezi ujao. Programu ya stoo huandika anwani ya kila anayeingia, na zamani hiyo ndiyo iliyokuwa inawatofautisha. Mzee akaniita nimwonyeshe nani alipunguza.

Nikafungua logi mbele yake. 192.168.1.5. Mstari wa pili, 192.168.1.5. Ukurasa mzima, 192.168.1.5. Tangu tarehe 10 kila mtu wa mbali aliyeingia kwenye stoo ile alikuwa amevaa sura ya kiboksi changu.

Kijana wa Turiani alikuwa ofisini, amekuja kuchukua mzigo. Alisimama mlangoni kama dakika kumi watu wakimtazama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo. Hakuwa na jinsi ya kujitetea, na mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Mchana hati ya kupokelea mzigo ikapatikana, imejikunja ndani ya kitabu kingine: mifuko 12 ilipelekwa Turiani kwa wakala, imesainiwa, muhuri upo. Mzee alimwomba radhi mbele ya watu wote, akampa mkono. Nami nimemwomba radhi pembeni, nikamweleza kosa lilikuwa wapi. Akaniambia, "Kaka, mimi sijui mambo ya anwani. Fanya tu ionekane ni mimi ninapoingia mimi."

Hiyo ndiyo kazi ya kesho. Sikuwa nimeelewa kwamba mstari ule mmoja wa haraka unawafuta watu.

Jumatano, 19 Machi

Njia sahihi ni kuifundisha seva pa kurudishia. Ruta ya 4G haina sehemu ya kuongeza njia, imefungwa na mtoa huduma, kwa hiyo nimeiandika ndani ya Windows yenyewe:

`route -p add 10.77.0.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.5`

Ile -p ni ya kuifanya idumu hata seva ikizimwa. Nikaondoa MASQUERADE, nikampigia mhasibu ajaribu. Ikagoma.

Nimerudi kwenye tcpdump. Safari hii ombi linafika kwenye seva likiwa na sura yake halisi, 10.77.0.11, na seva inakaa kimya. Si ruta tena, ni seva yenyewe. Nilizunguka karibu saa nzima kabla ya kukumbuka fayawoli ya Windows: wiki iliyopita, baada ya kuweka MASQUERADE, niliiwekea sharti kwamba 3389 ikubali watu wa LAN tu. Wakati wa MASQUERADE kila mtu alionekana wa LAN, kwa hiyo sharti lile lilikuwa linawapitisha wote bila kuuliza. Leo ndipo limeanza kufanya kazi kweli. Nimelirekebisha: 3389 inamkubali 10.77.0.11, na 8080 inawakubali 21, 22 na 23.

Sasa logi inasoma vizuri. Nimempigia kijana wa Turiani aingie, nikatazama mstari wake ukitokea, 10.77.0.23, nikampigia picha nikamtumia. Pia nimewatengenezea majina matatu tofauti ya kuingilia. Sikusubiri mwezi ujao.

Jumapili, 23 Machi

Ninaandika saa tano usiku, na nataka niandike yote kabla sijalala.

Mwezi huu wa Ramadhani mhasibu anafanya kazi usiku, baada ya tarawehe, mama yake akishalala. Saa 3:20 akanipigia: haingii. Radi ilipiga, umeme ukakatika saa 2:40, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Seva na ruta ziko kwenye UPS. Kiboksi nilikichomeka kwenye soketi ya kawaida.

Mlinzi alinifungulia geti. Umeme ulitulia saa 3:50. Kiboksi kimewaka, taa ya kijani inapepesa, intaneti ipo, lakini handaki halipo. Nikaingia kwenye seva ya kukodi nikatazama poti 51820. Kila baada ya sekunde tano, pakiti ya baiti 148 inatoka ofisini. Baiti 148 ni ombi la kupeana mikono. Jibu lake ni la baiti 92, na hata moja halikutoka. Seva inasikia hodi ya kiboksi, inaitambua sauti, na haifungui.

Funguo ni zile zile. Usanidi haujaguswa. Nikakaa. Kisha nikaandika `date` kwenye kiboksi, kikasema ni saa mbili na nusu usiku. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika tatu.

Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimika ghafla, ikiwaka inaanza na saa ya mwisho iliyohifadhiwa, na hiyo huhifadhiwa mara moja kila saa: kwetu ilikuwa 2:17. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kiboksi kilirudi 2:17 kikaanza upya. WireGuard nayo hutia muhuri wa saa kwenye kila ombi la kupeana mikono, na anayepokea hukataa muhuri wowote wa nyuma ya ule aliokwisha kuuona, ili mtu asinase ombi la zamani akalirusha tena. Seva ilikuwa imeshaona muhuri wa saa 2:39. Kwake, kiboksi changu kilikuwa mtu anayerusha barua ya jana.

Lakini si kingejirekebisha saa kutoka mtandaoni? Kingejirekebisha, kama nisingekiambia kichukue saa kutoka 10.77.0.1, yaani seva ya kukodi, kupitia handaki. Saa inalisubiri handaki, handaki linaisubiri saa. Nilifanya hivyo nikidhani ni usafi, kila kitu kipite njia moja.

Saa 4:13 likafunguka lenyewe, wakati saa ya kiboksi ilipoivuka ile ya mwisho. Nashukuru nilikuwepo kuliona. Kama ningekimbilia kuwasha upya WireGuard upande wa seva, ingesahau mihuri, handaki lingerudi, nami ningekwenda nyumbani nikidhani nimetengeneza.

Nimebadilisha usanidi wa chrony, programu ya kurekebisha saa, uchukue saa kutoka intaneti moja kwa moja, na kiboksi nimekihamishia kwenye UPS. Mhasibu amefanya kazi kuanzia saa nne na robo. Ataamka kula daku saa kumi. Usiku wake nimeupunguza kwa saa moja na nusu.

Jumatano, 26 Machi

Kipande cha saa, DS3231, kimefika kwa basi kutoka Kariakoo. Ni kidogo kama ukucha wa dole gumba, kina betri bapa, kinakaa kwenye pini za kwanza za upande wa ndani, 1 hadi 9. Nimeongeza mstari `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt, nikaiondoa saa ya bandia (ile inayohifadhiwa mara moja kila saa), nikasoma saa kutoka kwenye kipande. Kisha nikazima ruta, nikachomoa kiboksi bila kukizima, nikaenda kunywa chai, nikarudi baada ya dakika arobaini. Nimekiwasha bila intaneti: saa iko sawa, haijapotea hata sekunde mbili. Nimewasha ruta, handaki limesimama kabla sijarudi kwenye kiti.

Jumamosi, 29 Machi

Kamera za mzee. Rekoda iko 192.168.1.20, na neno lake la siri lilikuwa bado lile lililochapwa kwenye kitabu chake. Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya maelfu ya kamera na rekoda za namna hii kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani tu, kikazitumia kuangusha huduma za mtandao Marekani. Nimelibadilisha kabla ya jambo jingine lolote.

Rekoda haikubali kuandikiwa njia ya kurudi, kwa hiyo kwake peke yake MASQUERADE imerudi, `-d 192.168.1.20`, na mtu mmoja tu, 10.77.0.12, ndiye anayeelekezwa kule, kutoka poti 8081. Hapo hakuna wa kuchanganywa naye.

Mzee aliwasha simu yake mbele yangu, akaliona ghala, akaliona geti, akamwona mlinzi akimwagilia mchicha. Akauliza kama mwanawe aliyeko Dar naye anaweza kuona. Nikamwambia anaweza, kwa ufunguo wake mwenyewe na mstari wake mwenyewe, siyo kwa wa baba. Amekubali.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwisho wa mwezi na Idd zilikutana, na nilikuwa na wasiwasi. Mhasibu amefunga hesabu za Machi akiwa Dodoma. Leo saa tatu asubuhi nimeitazama logi: 10.77.0.11, ameingia saa mbili kasoro robo, ametoka saa tatu kasoro kumi. Kwa nje nimezigonga poti za seva ya kukodi kutoka kwenye laini nyingine, 3389, 8080, 8081. Zote kimya.

Ndani ya mlango wa kabati chini ya ngazi nimebandika karatasi. Ina poti tatu, na mbele ya kila poti kuna jina la mtu, kazi yake, tarehe iliyofunguliwa, na jina la aliyeiomba. Kuna nafasi ya mistari minne zaidi. Mstari wa kwanza wa nafasi hizo nimeshaujaza kwa penseli: mtoto wa mzee, Dar, kamera. Nitaupitisha kalamu ya wino atakaponitumia ufunguo wake.